Nusu ya Mashariki, Pamoja na Vyote Vilivyomo

4 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima na kisu chako bado kikali. Mimi nipo. Magoti yananung'unika kila nikipanda ngazi za chumba cha ushonaji, lakini magoti yangu ni kama watumishi wote wa hospitali hii: jioni yanalalamika, asubuhi yanaripoti kazini. Mwambie wifi yangu mapazia yake yako tayari. Nimeyatia pindo pana kwa sababu najua madirisha yenu yanavyoalika vumbi.

Nakuandikia kwa kuwa simu imetushinda. Tukizungumza habari za wajukuu, sauti yako inakuja kama umeketi kitandani kwangu. Nikitaja mpima ardhi tu, mtandao unakatika. Karatasi haina mtandao. Utaisoma mpaka chini, au utaichana, na ukiichana nitakujua kwa kimya chako.

Basi tusizunguke. Januari uliniuzia kiwanja. Pesa ulizipokea zote, ukazihesabu mbele ya wifi, ukazihesabu tena mbele ya mwanasheria, utadhani umemuuzia mwizi. Maneno ya mkataba uliyatunga mwenyewe: "nusu ya mashariki ya kiwanja cha marehemu baba yetu, pamoja na vyote vilivyomo." Yale ya mwisho ulimwongezea karani kwa sauti ya chini, nami nilikuona ukiuma mdomo usicheke. Ulidhani sijui? Ni kwa ajili ya lile lori bovu la Baba, lililokaa pale mpaka majani yameota kwenye usukani. Umeniuzia mfupa pamoja na nyama ili gharama ya kuuondoa iwe yangu. Sawa. Lori nimelipokea.

Lakini nyama yenyewe inaanzia wapi? Ofisi ya mji haitanipa kibali cha kujenga bila ramani yenye mawe ya mipaka. Mwisho wa mwaka nastaafu, na siku hiyo hiyo chumba ninachokaa kinarudi kwa hospitali pamoja na ufunguo wake. Nataka niwe na ukuta wangu na paa langu kabla ya hapo. Mlete mpima, umlipe, aweke mawe, unikabidhi kitu chenye mwanzo na mwisho. Wewe humkatii mtu nyama bila mizani, na sijawahi kuona mteja akija buchani kwako amebeba mizani kichwani.

Dada yako

2 Aprili

Dada mpendwa,

Barua yako imefika, na mapazia yamefika kabla yake, jambo linaloonyesha kwamba posta inaheshimu nguo kuliko maneno. Wifi yako amefurahi. Presha yake imeshuka, ya kwangu ndiyo imepanda nilipofika ukurasa wa pili. Watoto wanamsalimia shangazi yao. Biashara inakwenda kwa kuchechemea: watu wanaomba mifupa ya supu kana kwamba ng'ombe wa siku hizi wanazaliwa bila mnofu.

Sasa tuje kwenye lako. Dada, nani alikuambia muuzaji ndiye hulipa? Mimi kiwanja changu nakijua. Nimekaa hapo tangu nikiwa natambaa. Mwenye kujua halipii kujua. Wewe ndiye mwenye wasiwasi, na wasiwasi hulipiwa na mwenye nao, kama vile kikohozi. Kuhusu mizani, ni kweli naikalisha pale mezani. Lakini mteja akisema nyama isagwe, mfupa utolewe, mafuta yakwanguliwe, ifungwe mara mbili isitoe damu kwenye kikapu, hayo yote analipia yeye. Mpima ni kusagiwa nyama. Nyama ya kawaida nimeshakupa.

Isitoshe, mpima wa nini wakati Jiwe la Baba lipo? Liko pale kando ya barabara, jeupe, na kila mtu mtaani analijua. Baba alianzia hapo kuhesabu hatua zake wakati wengine hawajajua hata njia ya kuja huku. Kutoka jiwe hilo mpaka ukuta wa sebule yangu ni nusu yako. Kutoka ukuta huo mpaka banda la kuku la jirani yetu Mzee Miwani ni nusu yangu. Mtoto mdogo anaweza kukuonyesha kwa fimbo.

Na usisahau kwamba nilikuuzia kwa bei ya undugu.

Ndugu yako

15 Aprili

Mdogo wangu,

Namshukuru Mungu kwa presha ya wifi yangu kushuka. Ya kwako iache ipande kidogo. Kila nikikuona kwenye picha unazidi kufanana na bidhaa zako.

Umenikumbusha bei ya undugu. Nimegundua kwamba undugu hutajwa na yule aliyeshika kisu. Baba alipofariki, wazee walikaa sebuleni, sisi wanawake tukakaa jikoni tukipika chai ya kuwasaidia kufikiri. Walipomaliza kufikiri, wewe ulikuwa na kiwanja na nyumba, mimi nilikuwa na cherehani na mawaidha. Siibezi cherehani. Imenilisha mimi na mwanangu, na imeshona shuka walizolalia nusu ya wagonjwa wa mji huu, na walizofunikwa nusu nyingine. Lakini elewa ninachokuambia. Nusu ya kitu alichoacha baba yangu nimeinunua kwa akiba ya shuka hizo, nikanunua kutoka kwa mtu aliyeipata kwa kukaa upande wa pili wa ukuta siku ile. Halafu mtu huyo ananiambia bei ya undugu, na nimlipie na mpima! Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, kisha unaambiwa na gunia lina bei yake.

Hatua za Baba unazitaja kama aya. Baba alikuwa na mguu mmoja uliovunjika akiwa kijana. Ulishawahi kufikiria hilo? Na lile jiwe: Mama alikuwa akisema tulilikuta pale tulipohamia. Kama tulilikuta, basi kuna aliyeliweka. Nani, na kwa ajili ya nini? Nijibu hilo tu, mengine nitakusamehe.

Nashona makoti ya wauguzi wapya. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza nani analipia futi ya kupimia. Wanasimama, wananyoosha mikono, wanapimwa.

Dada yako

20 Juni

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na mvua, kisha kukawa na vumbi, kisha nikawa na shughuli. Mtoto wetu wa mwisho amepata kazi kwenye duka la dawa na sasa anatuambia kila tunachokula kina madhara. Mzee Miwani anakusalimia sana. Kuku wake wameongezeka, naye amelisogeza banda mpaka karibu linagusa kuta za choo changu, lakini ni jirani mwema na huleta mayai, kwa hiyo namwacha. Nimemweleza suala letu. Naye anasema mnunuzi ndiye hulipa. Unajua alikuwa karani wa mahakama, hivyo si mtu wa kusema ovyo.

Mimi kwa upande wangu nimeonewa. Watu wa vipimo wamekuja sokoni kukagua mizani. Ya kwangu iko sawa kabisa, lakini wameigongea muhuri wao na kunidai malipo ya ukaguzi. Hebu niambie haki iko wapi! Mizani yangu, nyama yangu, wanaofaidika ni wateja wasiopunjwa, halafu nilipe mimi! Niliwauliza kwa nini wasiwatoze wanaonunua. Yule mkubwa wao akacheka akasema, "Mzee, anayeuza ndiye anayepimwa." Nililipa kwa sababu wangenifungia. Ila roho yangu haijatulia.

Lile lori pia, dada. Nakuomba upange kuliondoa. Kuku wa Mzee Miwani wanataga chini ya kiti cha dereva.

Ndugu yako

Wifi, kalamu nimemnyang'anya. Mapazia ni mazuri sana, umeyakadiria vipi bila kupima? Habari ya mizani nimemsomea kwa sauti mara mbili nikitegemea ayasikie maneno yake mwenyewe. Hajayasikia. Ndimi, wifi yako.

1 Julai

Mdogo wangu,

Mwambie wifi yangu madirisha yale nimeyajua tangu yakiwa ya Mama. Nilipanda juu ya ndoo kuyafuta.

Habari yako ya mizani nimewasomea wenzangu hapa. Aliyekuwa anakata akaweka mkasi chini asijikate. Aliyekuwa anashona koti akashona mkono ukazibika. Mkuu wetu alipoingia kuuliza tunacheka nini, ikabidi nimsomee na yeye. Umeipa idara nzima mchana mmoja wa furaha, nami nilitaka ulijue hilo, maana furaha nayo haina budi kufika kwa mwenyewe.

Na mimi nina kisa changu cha vipimo. Juzi fundi rangi aligonga mlango. Alikuja kupima kuta za chumba changu kwa ajili ya atakayehamia. Nilikuwa bado nimo, na sufuria jikoni. Alipima juu ya kitanda, akapima nyuma ya cherehani, akaniomba nisimame akapima na pale nilipokuwa nimekaa. Alikuwa kijana wa adabu. Akasema, "Samahani, Mama, ni kwa ajili ya baadaye tu."

Usianze kunihurumia, nina pa kwenda. Nina nusu ya mashariki. Kwa hiyo nimeamua: mpima nitamlipa mimi. Simlipi kwa sababu una haki. Nalipa kwa sababu wewe una muda na mimi sina, na hiyo ndiyo sheria ya kweli ya biashara zote, mengine ni mapambo. Ila nina sharti moja. Niandikie kanuni yako kwa mkono wako, kwa ukamilifu, pasipo mfupa wala mafuta, kwamba mnunuzi ndiye hulipa mpima, hata akiwa nani. Nataka siku moja watoto wako wajue shangazi yao alilipa kwa sheria ya nani.

Dada yako

9 Julai

Dada mpendwa!

Barua yako imefika jana, leo najibu. Hayo ndiyo maneno! Nilimwambia wifi yako: dada ni mkali lakini ukweli ukimfikia anaupokea. Yeye aliendelea kuchagua mchele.

Umetaka kanuni, chukua:

Mimi, mtoto wa baba yetu, mwenye akili timamu, natamka kwamba anayenunua ardhi ndiye anayemlipa mpima. Awe ndugu, awe mgeni, awe tajiri, awe maskini, awe amenunua kiwanja kizima au kona ya kufugia bata. Muuzaji asisumbuliwe.

Nimeisoma kwa Mzee Miwani. Amesema imekaa kisheria.

Mlete huyo mpima haraka. Nitamkaribisha vizuri, nitamwonyesha jiwe, na kazi yake itakuwa imekwisha kabla chai haijapoa. Nakuambia mapema ili usije ukaona pesa zako zimepotea.

Ndugu yako mwenye furaha

9 Septemba

Dada mpendwa,

Habari za huko? Za magoti? Sisi huku tupo. Wifi yako yupo. Watoto wapo. Ng'ombe wamepanda bei.

Mpima wako alikuja. Kumbe ni mama mtu mzima, mnene, anatafuna karanga muda wote na hasikii la mtu. Nilimpeleka kwenye Jiwe la Baba. Akaliangalia, akaangalia karatasi zake, akasema "Mhm." Nikamwuliza mhm ni nini. Akasema, "Mhm ni mhm, baba, shika hii kamba." Akasimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akachungulia upande wa barabara, akachungulia upande wa nyumba. Kisha akaomba jembe akachimba kando ya ukuta wa sebule, kwenye maua ya wifi yako. Maua yameharibika. Akachimba tena nyuma, ndani ya banda la Mzee Miwani, kuku wakatawanyika. Akanywa chai, akashukuru, akaondoka. Kwa jumla hakuna la ajabu.

Nilikuwa nafikiria jambo jingine kabisa. Hivi ile nakala yako ya mkataba unayo? Yangu ina maandishi hafifu. Nadhani tungeiandika upya, tuisafishe tu maneno mawili matatu, kama lile la "mashariki" na lile la "vyote vilivyomo." Yamekaa vibaya kiuandishi. Hakuna haraka, ila ingekuwa vizuri iwe wiki hii.

Usijisumbue kwenda ofisi ya ardhi kuchukua ramani. Nitakuchukulia mimi.

Ndugu yako

20 Septemba

Mdogo wangu,

Nafurahi kwamba wifi yupo, watoto wapo, na ng'ombe wamepanda bei. Sijawahi kupata barua yako yenye habari nyingi za mifugo namna ile.

Ramani ninayo. Ofisi ya ardhi imenitumia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyelipa. Ona jinsi kanuni yako ilivyo nzuri! Nimeibandika ukutani juu ya cherehani, na wenzangu wote wameshapita kuisoma. Nakueleza kwa maneno mepesi, kwa sababu najua hutamweleza mtu yeyote.

Jiwe la Baba si jiwe la kiwanja. Ni jiwe la barabara. Walioikata barabara ndio waliliweka, kuonyesha mwisho wa eneo lao, kabla hatujahamia. Mama alikuwa sahihi, na ulinyamaza nilipokuuliza. Baba alilikuta, akalipenda, akaanza kuhesabu kutoka hapo kwa mguu wake mbovu. Jiwe la kweli la upande huo lilikuwa limezikwa chini ya maua ya wifi. Kwa hiyo pale penye lori, pale uliponiuzia kwa bei ya undugu, ni mali ya barabara. Kiwanja cha Baba kinaanzia kwenye ukuta wa sebule yako. Nusu yake ya mashariki ni sebule, vyumba, jiko, uwanja wa kuanikia nguo, mpaka choo. Nusu ya magharibi, ambayo ndiyo yako, inaanzia nyuma ya choo na kuishia mbali sana ndani ya kuku wa Mzee Miwani. Naye, kwa kuwa alihesabu kutoka kwenu, sijui yuko kwa nani.

Sasa chukua mkataba wako wenye maandishi hafifu uusogeze kwenye dirisha. Nusu ya mashariki. Pamoja na vyote vilivyomo. Umeniuzia nyumba, mdogo wangu. Uliogopa kulipia lori, ukaongeza maneno, na maneno yakabeba mpaka kitanda unacholalia.

Najua utasema hukukusudia. Nenda mahakamani basi. Simama mbele ya hakimu, mbele ya mtaa mzima, umweleze kwamba hapana, mheshimiwa, mimi nilikusudia kumuuzia dada yangu barabara.

Dada yako

Mwambie wifi asiwe na hofu. Maua nitampandia mengine.

12 Novemba

Dada,

Sikuandika kwa sababu nilikuwa naumwa. Si mwili.

Nimeuliza wanasheria wawili. Wa kwanza alicheka. Wa pili hakucheka, lakini aliomba ruhusa akanywe maji na nikamsikia akicheka huko nje. Mzee Miwani hanisalimii tangu nilipomwambia kwamba banda lake limo kwangu. Ameniuliza, "Nani atalipa kupima upya?" Nikamwambia anayedai. Akasema, "Basi mimi sidai kitu. Nimekaa tu." Huyo ndiye jirani mwema. Mayai hayaji tena.

Na watu wa barabara wamekuja. Wamelipiga lile lori alama nyekundu ya msalaba, wanasema liondoke au watalivuta kwa gharama za mwenyewe. Kwa kuwa ulinunua vyote vilivyomo, nakuomba uje uliondoe lori lako.

Kuhusu nyumba, tuongee kama watu wazima. Nitainunua. Nitakurudishia pesa zako zote, na kidogo juu. Ila kuna suala la mpima. Ili hati zibadilishwe inabidi arudi kupima nusu kwa nusu, na yule mama karanga zake si bure. Dada, wewe ndiye muuzaji. Uliniandikia mwenyewe mwezi wa tatu, na barua ninayo, kwamba mteja haji buchani amebeba mizani kichwani. Nimelifikiria sana neno hilo na nimeona lina hekima. Muuzaji sharti ajue anachouza. Nani atanunua kitu kisicho na mwanzo na mwisho?

Ndugu yako

24 Novemba

Mdogo wangu,

Pole kwa kuumwa. Ugonjwa wako tunaufahamu huku. Mkuki ulikuwa mtamu kwa nguruwe.

Umeninukuu vizuri. Ngoja na mimi nikunukuu: "Awe ndugu, awe mgeni, awe tajiri, awe maskini. Muuzaji asisumbuliwe." Mkono ni wako, na nukta ya mwisho umeikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Imekaa kisheria, Mzee Miwani alithibitisha.

Lori si langu. Nilinunua vilivyomo katika nusu ya mashariki, na lori halimo. Liko barabarani. Ni la mrithi wa Baba, na mrithi wa Baba ni wewe, walisema hivyo wazee sebuleni na mimi nikawapelekea chai.

Na siuzi. Nakuja tarehe kumi na tisa Disemba, mimi, masanduku mawili na cherehani. Nitakaa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha la kuelekea uwanjani. Najua umeweka friji la nyama humo, litoe. Sikufukuzi, wala usimruhusu wifi alale na wazo hilo hata usiku mmoja. Mtaendelea kukaa kama mlivyo. Ya kodi tutayazungumza nikifika. Nitawapa bei ya undugu.

Dada yako

7 Januari

Dada,

Barua hii haina stempu. Nimeipitisha chini ya mlango wako kwa sababu mezani kila nikifungua mdomo wewe na wifi yako mnaangaliana, na siwezi kujenga hoja mbele ya watu wanaoangaliana.

Salamu kwanza. Umeamkaje? Cherehani yako imeamka mapema, ukuta wangu umetikisika nayo. Watoto wamefurahi kuwa na shangazi yao hapa. Wifi yako anaimba jikoni, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa muda mrefu, na nimeambiwa nisiulize sababu.

Nina pendekezo. Jana nilimkuta Mzee Miwani analisogeza banda mwenyewe, kimyakimya, akisema kuku wanataka hewa. Kwa hiyo nusu yangu ya magharibi iko wazi. Tubadilishane. Wewe chukua magharibi, ni penye udongo mzuri na mbali na vumbi la barabara. Nitakujengea nyumba pale kwa mikono ya mafundi wangu na kwa pesa ile ile uliyonilipa, mimi nibaki hapa. Mpaka paa lako litakapokaa, chumba cha nyuma ni chako na kodi hakuna wa kumdai mwenzake.

Nimelala nikiwaza jambo moja tu likanishinda. Katika kubadilishana, kila mtu ananunua na kila mtu anauza. Sasa mpima atalipwa na nani? Nimetafuta kanuni, sijaipata.

Ndugu yako, wa chumba cha mbele

(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Mdogo wangu,

Nimeamka salama. Magoti yananung'unika lakini hapa hakuna ngazi.

Nimekubali kubadilishana. Dirisha la jiko liangalie mashariki, na choo kiwe ndani, siyo kama hiki. Lori uliondoe wewe. Baba alilipenda, usiwaache walivute kwa mnyororo.

Kanuni unayoitafuta ni fupi, na ningekuambia tangu Machi kama ungeniuliza badala ya kunitangazia. Mpima tutamlipa nusu kwa nusu. Ndivyo kila kitu cha Baba kingegawanywa siku ile, kama wale wazee wangemkumbuka mtoto wake aliyekuwa anawapelekea chai.

Njoo unywe, iko mezani. Na ukiingia jikoni futa miguu. Mpaka mwenye karanga arudi, hilo ni jiko langu.

Dada yako